Udaga Usionuka

Wapangaji wangu hapa Kiseke wananicheka kwa sababu nanusa kila kitu. Nikirudi sokoni nakaa kwenye kigoda changu pale mlangoni, nanusa mchicha, nanusa unga, nanusa hata kitunguu, kitu ambacho kila mtu anajua kinanuka kitunguu. Juzi yule kijana wa chumba cha mbele alinitania kwamba nikiendelea hivi iko siku nitawanusa na wao kabla sijapokea kodi. Nikacheka naye. Lakini ukweli ni kwamba mwenzenu ni mwoga. Nimenunua na kupika chakula cha watu wengi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mpaka leo nikimwona mtu anapeleka mdomoni tonge lililotoka kwenye sufuria yangu, moyo unanidunda mpaka nimwone ameongea.

Haohao wanaonicheka ndio wananiuliza, bibi, mbona wewe unakula vizuri kila siku na sisi mshahara unaishia kwenye chipsi? Basi nimeamua kuwajibu wote pamoja, wao na ninyi wengine mnaoanza maisha ya kujipikia. Nitawaambia jinsi ya kupata chakula kibichi na kizuri kwa hela ndogo. Na nitawaambia pia siku ambayo nilitafuta nafuu nikakaribia kuua mtoto wa watu. Siwezi kuwapa la kwanza nikawaficha la pili.

Nilikuwa mpishi mkuu na mnunuzi wa chakula kwenye bweni la wasichana, chuo kidogo cha ushonaji huku huku Ilemela. Msikitafute, hakipo tena, pale sasa pana gereji. Wasichana walikuwa arobaini na kitu, na hela ya chakula ilikuwa ya kubana mpaka ilie. Mkuu wa bweni alikuwa mwanamke mwema lakini alikuwa na wimbo mmoja tu, Mama Kwandu, jitahidi tufike mwisho wa mwezi. Nikajitahidi. Nilijitahidi mpaka nikawa na jina sokoni Kirumba. Wauzaji wakiniona kwa mbali walikuwa wanaambiana wafiche mizani, yule mama wa bweni anakuja.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Tabu, Mkerewe mfupi asiyependa maneno. Nilipofika jikoni kwake nilikuwa binti wa Kisukuma kutoka Magu, nimezoea ugali wa mahindi na mtama, na nilijiona najua kila kitu kwa sababu kwetu nilishapika kwenye misiba mitatu. Wiki ya kwanza akanituma tenga la nyanya. Nikaona tenga moja zuri ajabu, nyanya za juu nyekundu, ngumu, zinang'aa. Bei nzuri. Nikabebesha mkokoteni, nikarudi natembea kwa maringo. Kufika, Mama Tabu akalipindua tenga palepale uani. Nyanya za chini zilikuwa uji. Hakunigombeza. Alinipa kisu na kigoda, nikakaa siku nzima nakata palipooza na kuokoa palipobaki, nzi wananisindikiza. Jioni akaniambia neno moja tu, kesho upindue.

Tangu siku ile mimi napindua. Iwe tenga, iwe gunia, iwe fungu la viazi chini ya turubai. Kuna muuzaji mmoja wa viazi alikuwa akilalamika kwamba mama huyu hanunui viazi, anakuja kunifanyia usafi wa meza. Sawa, nasafisha, lakini viazi nilivyobeba vilikuwa vizima. Ninyi sasa mnanunua kwenye simu. Mnatumiwa picha ya nyanya, mnatuma hela, bodaboda analeta mfuko umefungwa fundo, mnasaini kwa asante. Sikatai, miguu yenu na kazi zenu ni za haraka. Lakini picha ina upande wa juu tu, wala hainuki. Bodaboda akifika, mfungue mfuko mbele yake.

Nafuu zipo nyingi na hazina hatari, ukizijua. Nyanya nenda saa kumi na moja jioni, wauzaji wakiwa wanawaza kurudi nyumbani. Iliyolegea kidogo ni ya kupika leo leo, na utaipata kwa nusu ya bei. Yenye ukungu iache, hata ukipewa bure. Samaki ni kinyume, samaki usimngoje jioni. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kwenda viwandani, ni mchuzi mtamu kwa hela ya maandazi, lakini uyawahi kabla jua halijapanda na uyafikishe jikoni kabla hujasalimiana na watu njiani. Dagaa chukua wawili watatu uwatafune palepale. Wakikwaruza meno, hao wameanikwa mchangani, nawe utakuwa umenunua kisado cha dagaa na mchanga. Wa kwenye chanja wanazidi bei kidogo, ila ni dagaa watupu.

Maharage ndiyo yalinichosha kuyaelewa. Nilikuwa nanunua ya bei ya chini, nafurahi, halafu mkaa unaisha katikati ya mwezi. Mama Tabu akanionyesha. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka na zaidi hayaivi, yanakula mkaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ulichookoa sokoni unakichoma jikoni. Tangu hapo nikawa naikata punje moja kwa jino, nikiona inapasuka kama kokoto naiacha. Matembele nilipanda kwenye viroba nyuma ya jiko, nikawa nanunua mboga mara mbili tu kwa wiki. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nilinunua msimu wa mavuno nikaweka juu pakavu, ikawa kifungua kinywa cha wasichana miezi ambayo mkate haukamatiki.

Mpaka hapo mnaweza kufikiri kazi ilikuwa ya raha. Ilikuwa ya raha, na hofu ikiwa imekaa pembeni. Mama Tabu ndiye aliyeniambukiza. Yeye alikuwa na desturi aliyoiita tonge la mpishi. Chakula kikiiva, hakuna anayepakuliwa. Mpishi anakata tonge lake, anakula na mboga yake, taratibu, halafu anaosha sufuria kubwa iliyotoka ugali. Sufuria ikishakauka, kama mpishi bado yuko sawa na ulimi wake haujalalamika, ndipo kengele inagongwa. Wasichana walikuwa wanalia njaa pale nje, wanagonga sahani, yeye anaosha sufuria wala hageuki. Nilimwuliza kwa nini, kwa sababu kwetu mpishi anaonja chumvi tu, kidogo, kwenye kiganja. Akaniambia, "Mimi ni mmoja. Wao ni arobaini."

Na muhogo aliuogopa kuliko kitu chochote. Watu wa visiwani wanaujua muhogo kuliko sisi wa bara. Kuna muhogo mtamu, unautafuna hata mbichi, na kuna muhogo mchungu ambao ndani yake mna sumu. Huo mchungu ndio unaozaa sana, na ndio wanaotengenezea udaga. Wanaumenya, wanaurundika na kuufunika majani siku tatu, nne, hata zaidi, mpaka unavunda na kuota ukungu mweusi. Kisha wanaukwangua, wanauvunjavunja, wanauanika juani. Kule kuvunda ndiko kunakoitoa ile sumu. Kwa hiyo udaga mzuri ni mchafu kwa macho, una madoa meusi, na unanuka. Unanuka haswa. Wasichana wa mjini walikuwa wanaziba pua.

Mimi nilichukia ile harufu. Mama Tabu aliingiza uso wake wote ndani ya gunia, akavuta pumzi, akatoka na unga puani, ameridhika. Alinunua kwa mama mmoja tu aliyeleta mzigo wake kutoka Ukerewe, na mwaka ambao yule mama hakuja, hatukula udaga. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba udaga ukinuka nisiogope, niogope usionuka. Nikamwitikia ndiyo mama. Unajua mtu anavyoitikia huku akili iko kwenye chungu kingine.

Mama Tabu alipostaafu akarudi kwao kisiwani, jiko likabaki langu. Nikaendeleza yote. Nikapindua matenga, nikatafuna dagaa, nikaosha sufuria kwanza. Mambo yakaenda vizuri miaka kadhaa, na mambo yakienda vizuri muda mrefu mtu anaanza kufikiri ni kwa akili yake.

Ukaja mwaka wa jua kali. Mahindi yakakauka yangali na urefu wa goti, na bei ya sembe ikawa kila nikienda sokoni imepanda tena. Mkuu wa bweni akaniita, akasema hali ikiendelea hivi itabidi tuwape mlo mmoja kwa siku au tuwarudishe makwao kabla ya mitihani. Alikuwa na machozi. Mimi nikamwambia aniachie mimi. Haki ya Mungu nilisema hivyo, niachie mimi, kwa kiburi cha mtu anayeogopwa na wauzaji wa viazi.

Kwenye bweni hilo alikuwepo binti mmoja, Neema, Mjita kutoka pwani ya ziwa upande wa Mara. Mwembamba, mpole mpaka unataka kumtikisa. Baba yake mvuvi, mama yake alishafariki, na bibi yake ndiye aliyemlea. Alikuwa anakuja jikoni kunisaidia kuchambua mboga bila kuitwa, akisalimia anapiga goti, akiambiwa kaa anakaa, akiambiwa kula anakula. Nilimpenda. Nilikuwa namwongezea tonge kila siku, wenzake wananong'ona kwamba Neema ni mtoto wa mama mpishi. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniambia kwamba anakumbuka ugali wa muhogo wa kwao.

Basi nikaenda Kirumba kutafuta udaga. Yule mama wa Ukerewe aliyekuwa akimuuzia Mama Tabu alikuwepo, ana magunia machache, na bei yake ilikuwa imepanda kama ya mahindi. Nikamwambia nazunguka kwanza. Pembeni nikamkuta mwanamume mmoja ambaye sikuwahi kumwona, ana magunia mengi, na udaga wake mweupe kama chokaa. Nikapindua gunia. Chini mweupe, juu mweupe, hakuna doa hata moja. Nikanusa, haunuki kitu. Nikauliza mbona safi hivi, akasema, mama, sisi tunatengeneza kisasa. Na bei ilikuwa nusu ya yule mama.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikusahau maneno ya Mama Tabu. Niliyakumbuka nikiwa nimesimama palepale, mkono uko ndani ya gunia. Nikajiambia yale ni mambo ya wazee wa kisiwani, huu umetengenezwa kisasa, na wasichana hawatalalamika harufu tena. Mtu akitaka kitu, anajitafutia sababu mwenyewe. Njaa ilikuwa kila mahali mwaka ule, na wenye muhogo shambani walikuwa na haraka ya kuugeuza hela. Walikuwa wanaumenya leo, wanaukata, wanauanika, kesho kutwa uko sokoni. Hakuna kurundika wala kuvundika. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nikanunua magunia mawili, nikapitisha mashineni, nikarudi bweni. Mkuu akanikumbatia.

Kesho yake ilikuwa katikati ya wiki ya maombi kanisani kwetu, nami nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nafungulia jioni tu. Nilikuwa naomba mvua, naomba na bei ya sembe ishuke, ndiyo nilikuwa naomba na bei, Mungu anajua. Kwa hiyo siku ile sikula tonge la mpishi. Niliosha sufuria, hilo nililifanya, mikono iliizoea kazi. Lakini kuosha sufuria bila kuonja ni usafi tu. Ningeweza kumwita msaidizi wangu aonje, ila nilikuwa nimemtuma maji. Ningeweza kusubiri. Saa saba ikafika, nikagonga kengele.

Wasichana wa mjini walikula maharage wakaacha ugali, walikuwa na madeko yao. Nikawasema kwamba watoto wa siku hizi hawajui njaa. Neema akaja dirishani na sahani yake mkononi. Akapiga goti kidogo kama kawaida yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huu ugali una uchungu."

Nikamjibu, mbele ya wenzake, "Mtoto wa Ujitani unashangaa uchungu wa muhogo? Kaa ule, mwanangu."

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Neema akarudi akakaa. Nikamtazama anavyokula, nikafurahi, na alipomaliza nikamwongezea. Akala na hilo nalo lote.

Saa nane na nusu nasikia kelele kutoka chumba cha vyerehani. Nikadhani wanagombana. Nikatoka na kitambaa mkononi, nikamkuta binti mmoja anatapika mlangoni, wa pili ameshika kichwa anasema nyumba inazunguka. Nikahesabu, watatu, wanne, watano.  Nikauliza Neema yuko wapi.  Nikamkuta nyuma, kwenye bomba la maji, amelala ubavu, maji yanamwagika yanamlowesha kichwa, anapumua kwa kuvuta, midomo imebadilika rangi. Nilimwita jina. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona.

Sijui nilimbebaje. Mimi na mlinzi tulimpakia kwenye bajaji, mkuu akabaki anatafuta gari la wengine. Njia nzima nilikuwa nimempakata mapajani, naomba, halafu naacha kuomba kwa sababu najiuliza naombaje na ni mimi niliyempakulia. Dereva akaniuliza mtoto ana nini. Nikasema sijui. Nilisema sijui, na nilikuwa najua.

Hospitali wakamchukua mbio. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wenu. Akauliza wamekula nini. Mkuu wa bweni alikuwa ameshafika na wale wengine, akawahi kusema labda ni malaria, wiki iliyopita walikuwepo wagonjwa wawili. Matroni msaidizi akasema labda kuna mtu ametuchezea, tuwaite watu wa maombi. Wote wawili hawakunitazama. Nikaelewa kwamba wananipa mlango wa kutokea. Nilikuwa na watoto wawili wanaosoma, mume wangu alishafariki, na ile kazi ndiyo iliyotulisha. Nikinyamaza, inabaki malaria.

Nikashika ukuta. Nikasema, "Ni muhogo. Haukuvundikwa. Nilinunua mimi, nikapika mimi, na sikuonja."

Yule daktari hakunilaumu. Aliniuliza maswali matatu ya haraka, saa ngapi wamekula, kiasi gani, nani amekula zaidi. Nikasema Neema, nilimwongezea. Akageuka akatoa maagizo, wakamwekea hewa, wakamtundikia dripu, wakaleta dawa nyingine nisiyoijua. Baadaye alinipitia kwenye korido, akasema kama tungeendelea na habari ya malaria angepoteza muda ambao yule mtoto hakuwa nao.

Wale wengine walipata nafuu kabla ya jioni. Walikuwa wamekula matonge mawili matatu, madeko yao yaliwaokoa. Nilirudi bweni mara moja tu, kumaliza kazi ya ule unga. Mlinzi alinisihi nimpe gunia moja apeleke kwake, akasema wao matumbo yao ni magumu, wamezoea. Niliwaona watoto wake machoni pangu, wamejipanga. Nikaumwaga wote chooni, ndoo baada ya ndoo, nalia, na mlinzi amesimama ananitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha nikarudi hospitali kukaa.

Jua lilikuwa linazama Neema alipofungua macho yakaniona. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Mama, nilijua. Kwetu ugali ukiwa hivyo bibi anaumwaga."

Nikamwuliza kwa nini sasa alikula.

Akasema, "Ulikuwa unanitazama."

Jamani. Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Mtoto aliijua sumu kwa ulimi wake, akaja akanieleza kwa adabu, nikamfanya kichekesho kwa wenzake, akaenda akaila sumu ili asinivunjie heshima. Sisi wazee tumewafundisha hivyo. Chakula cha mkubwa hakitemwi, hakirudishwi, hakisemwi. Nami nilikuwa mkubwa, na nilikuwa sijui kitu. Mkuu alinibakiza kazini, sijui kwa huruma au kwa kukosa mwingine. Niliporudi jikoni, kanuni ya kwanza niliyoweka ni kwamba msichana yeyote akisema chakula kina kasoro, kengele inagongwa tena na sahani zote zinarudi. Walinisumbua sana. Kuna walioniambia maharage yana kasoro kwa sababu hawayapendi. Niliyaonja upya kila mara, na sikuwahi kumcheka mtu tena.

Neema alipona, akamaliza cherehani, akaolewa. Sasa anaishi hapa hapa Kiseke, njia ya pili kutoka kwangu, ana duka lake la kushona na binti wa miaka saba. Ananiita mama. Jumapili wanakuja kula kwangu. Na kila Jumapili naogopa, naogopa zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Ulimi wangu umekufa. Umri umeuchukua kidogo kidogo. Chumvi naisikia kwa mbali, sukari kidogo, uchungu siusikii kabisa. Nanusa kila kitu kwa sababu ndicho kilichobaki, na hata pua yenyewe siiamini sana. Mnaponicheka pale mlangoni, ndicho mnachokicheka.

Jumapili iliyopita nilipika matembele ya karanga. Karanga nilikuwa nimezinunua mwenyewe kwa bei nzuri, nimezipindua, nimezichambua moja moja, nikatwanga. Nikala tonge la mpishi. Nikaosha sufuria. Sikusikia kitu, nikapakua.

Yule mtoto akatia tonge la kwanza mdomoni, akakunja uso, akalitema kwenye sahani mbele yangu. Akasema, "Bibi, hii chungu."

Mama yake akainua mkono amchape. Neema, mpole yule. Mkono ulikuwa umeshafika juu na uso wake umejaa aibu, ananiomba msamaha, anasema mtoto huyu hana adabu, sijui kayatoa wapi haya. Nikaudaka ule mkono hewani. Niliushika kwa nguvu nisiyojua kwamba bado ninayo.

Nikamwambia, "Neema, mimi siku hizi sisikii uchungu. Onja wewe, uniambie kweli."

 Kisha akakata tonge dogo, akachovya, akaweka mdomoni. Nikamwona anasita, macho yake yako kwangu, kama siku ile. Mimi nikageuza uso nikatazama ukutani, makusudi, nisimwangalie.

Nikasikia anatema.

Akanyanyuka, akachukua sufuria ya mboga bila kuniuliza, akaenda kuimwaga. Karanga zilikuwa zimevunda kwa ndani. Siku hiyo tulikula michembe na chai, watatu, na yule mtoto akaomba aongezwe.